Kuchagua shahada ya uhandisi na kupanga kazi yako: hatua kwa hatua hadi usajili

Wengi wanaokwama kwenye uhandisi hawakwamishwi na mtihani wa mwaka wa tatu. Wamekwama kabla hawajaingia darasani: walijaza fomu kwa kufuata jina la kozi linalovutia, hawakukagua ithibati (uthibitisho rasmi kwamba programu inakidhi viwango), na hawakujua kwamba shahada mbili zenye majina yanayokaribiana zinaweza kumfikisha mtu sehemu mbili tofauti kabisa. Chuo hutoa shahada. Ruhusa ya kutia saini michoro na kubeba dhamana ya kazi, katika nchi nyingi, hutolewa na chombo cha usajili, na chombo hicho kina masharti yake ambayo hayabadiliki kwa sababu ada umeshalipa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejaza fomu za maombi, na wa yule aliyeko mwaka wa kwanza ambaye bado ana nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya 1: Jipime kwa maswali

Kabla ya kufungua orodha ya vyuo, chukua kalamu, karatasi na kikokotoo. Fanya maswali haya manne bila kutazama majibu.

Swali la kwanza. Boriti ya urefu wa mita 6 imeegemea ncha zake mbili. Mzigo wa kilonyutoni 12 umewekwa mita 2 kutoka ncha ya kushoto. Kila egemeo linabeba kiasi gani? Jibu: la kushoto kilonyutoni 8, la kulia 4. Momenti (kani ya kupinda boriti) kubwa kuliko zote iko pale pale penye mzigo, nayo ni kilonyutoni-mita 16.

Swali la pili. Betri ya volti 12 imeunganishwa na rezista ya omu 4, na baada yake rezista mbili zilizo sambamba, moja ya omu 6 na nyingine ya omu 3. Betri inatoa mkondo gani? Zile mbili sambamba ni sawa na omu 2, jumla inakuwa omu 6, kwa hiyo mkondo ni ampea 2. Volti 8 zinaishia kwenye rezista ya omu 4, na volti 4 kwenye zile mbili.

Swali la tatu. Hita ya kilowati 1.5 itachukua muda gani kupasha moto lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 za Selsiasi? Inahitajika nishati ya kilojuli 502 hivi, yaani dakika 5 na nusu na kidogo, kama hakuna joto linalopotea.

Swali la nne. Andika, hata kwa maneno ya kawaida, maelekezo ya kompyuta kupanga majina 1,000 kwa alfabeti. Kisha eleza kwa nini njia yako inaweza kushindwa majina yakifika milioni 1. Ukilinganisha kila jina na kila jingine, majina 1,000 yanadai ulinganisho karibu nusu milioni, na majina milioni 1 yanadai karibu bilioni 500.

Sasa acha kuhesabu ulipata mangapi. Jiulize ni swali gani lilikufanya uendelee baada ya kupata jibu: ulitaka kujua mzigo ukisogezwa katikati itakuwaje, au rezista moja ikiungua nini kitatokea, au ni kiasi gani cha joto kinapotea kupitia ukuta wa chombo. Swali la kwanza ni mlango wa ujenzi na mitambo, la pili umeme na elektroniki, la tatu mitambo na kemikali, la nne kompyuta na programu. Kipimo hiki ni kidogo, lakini kinasema mengi kuliko picha za roboti kwenye kipeperushi cha chuo.

Kama yote manne yalikushinda, tafuta kilichokushinda. Mara nyingi siyo fizikia. Ni kugeuza fomula, sehemu, vipeo na trigonometria. Wanafunzi wengi wanaoanguka kalkulasi ya mwaka wa kwanza wanaielewa kalkulasi yenyewe vizuri tu, ila wanapotea kwenye aljebra ya mstari wa tatu wa swali. Hilo hutibika kwa mazoezi ya kila siku ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuanza chuo. Ukilipuuza, litakufuata hadi mwaka wa mwisho, kwa sababu kila somo la uhandisi limeandikwa kwa lugha hiyo.

Hatua ya 2: Lijue tawi kwa kazi yake ya kila siku

Uhandisi ujenzi unagusa majengo, barabara, madaraja, maji safi na maji taka, na udongo unaobeba hivyo vyote. Siku ya mhandisi wa ujenzi ni ama ofisini akipiga hesabu za mizigo na kukagua michoro, ama kwenye eneo la kazi akihakikisha nondo zimefungwa kama mchoro unavyosema kabla zege halijamwagwa. Ni kazi mbili tofauti sana, zenye saa tofauti na hata tabia tofauti. Ukichagua tawi hili, anza mapema kujiuliza ni ipi kati ya hizo inakufaa. Hili ndilo tawi ambalo usajili una uzito mkubwa zaidi: bila usajili unaweza kufanya kazi nyingi, lakini saini ya mwisho itakuwa ya mtu mwingine.

Uhandisi mitambo ni mpana kuliko yote. Pampu, injini, mitambo ya kupoza, viwanda, magari, mabomba ya mvuke. Upana huo ni faida kwa asiyejua bado anataka nini, na ni hasara kwa anayemaliza bila kuchagua upande wowote, kwa sababu mwajiri huuliza, "Unajua nini hasa?" Masomo yanayoangusha ni themodinamiki (joto na nishati) na dainamiki (mwendo na nguvu zinazousababisha).

Uhandisi umeme una pande mbili zinazokutana mwaka wa kwanza tu. Upande mmoja ni umeme mkubwa: kuzalisha, kusafirisha, transfoma, mota, ulinzi wa mifumo. Upande wa pili ni umeme mdogo: elektroniki, mawasiliano, saketi za kidijitali, udhibiti. Hesabu ya tawi hili ni nzito kuliko ya matawi mengi, na haionekani kwa macho. Boriti ikipinda unaiona, lakini uwanja wa sumakuumeme utauona kwenye milinganyo pekee. Anayehitaji kushika kitu ndipo aelewe ahakikishe chuo kina maabara za kutosha kabla ya kuingia huku.

Uhandisi kemikali unachanganywa mno na kemia, na watu huujutia kwa sababu hiyo. Mkemia anauliza kama mmenyuko unawezekana. Mhandisi kemikali anauliza namna ya kuufanya kwa tani, kila saa, bila kulipua kiwanda. Tazama mfano mmoja. Mmenyuko unaotoa joto unafanyika vizuri kwenye chupa ya maabara. Ukijenga tangi lenye umbo lile lile lakini pana na refu mara 10, ujazo unaongezeka mara 1,000, huku eneo la ukuta unaotoa joto nje likiongezeka mara 100 tu. Kila lita sasa ina ukuta mdogo mara 10 wa kupozea. Joto linapanda, mmenyuko unaharakisha, joto linapanda zaidi. Kazi ya mhandisi kemikali ni kujua hilo mapema, kisha kuweka mabomba ya kupozea, kupunguza kasi ya kumimina malighafi, au kubadili umbo la chombo. Kama mfano huu umekuvutia, tawi hili ni lako hata kama kemia ya kukariri majina hukuipenda.

Uhandisi wa kompyuta unahusu vifaa na programu pamoja, na wa programu unahusu mifumo ya programu peke yake. Katika nchi nyingi mtu huajiriwa kuandika programu bila usajili wowote, kwa hiyo kinachotazamwa ni kazi uliyokwisha kuifanya.

Kuna pia viwanda na uzalishaji, mazingira, madini, kilimo, vifaa tiba, anga, mekatroniki (mitambo, elektroniki na kompyuta pamoja), petroli. Haya ni mazuri kwa anayejua anakokwenda. Ila yana hatari moja: shahada yenye jina jembamba hufuata bahati ya sekta moja. Pipa la mafuta ghafi lilikuwa juu ya dola 100 katikati ya mwaka 2014, na mwanzoni mwa 2016 likashuka chini ya dola 30. Aliyeingia mwaka wa kwanza wa uhandisi wa petroli bei ikiwa juu alikuja kuhitimu wakati kampuni zinapunguza watu. Mhandisi mitambo au kemikali aliyesoma masomo mawili matatu ya petroli angeweza kuomba kazi ile ile, na nyingine kumi zaidi. Ushauri wetu kwa asiye na uhakika: chukua tawi pana kwenye shahada ya kwanza, na uwe mwembamba kwenye mradi wa mwisho, mafunzo kwa vitendo na shahada ya uzamili.

Hatua ya 3: Chagua ngazi, si tawi tu

Hapa ndipo majina yanapodanganya. Kuna stashahada inayomwandaa fundi sanifu, kuna shahada ya teknolojia ya uhandisi, na kuna shahada ya uhandisi. Kimataifa ngazi hizi zina makubaliano yake: Mkataba wa Washington wa 1989 kwa shahada za uhandisi, Mkataba wa Sydney wa 2001 kwa wanateknolojia, na Mkataba wa Dublin wa 2002 kwa mafundi sanifu. Vyombo vilivyotia saini hutambuana, kila ngazi kwa ngazi yake. Shahada iliyothibitishwa chini ya Sydney haigeuki kuwa ya Washington kwa sababu tu ilichukua miaka mingi au alama zilikuwa nzuri.

Hakuna ngazi ya aibu. Fundi sanifu mzuri wa vifaa vya udhibiti anatafutwa kila mahali penye kiwanda, na anaanza kupata kipato miaka miwili kabla ya mwenzake. Tatizo ni kuingia ngazi moja ukidhani ni nyingine. Soma jina kamili la cheti, neno kwa neno. Neno "teknolojia" likiwemo, uliza kwa maandishi: je, mhitimu wa programu hii anaruhusiwa kusajiliwa kama mhandisi, au kwa daraja jingine?

Urefu wa masomo nao hautafsiriki moja kwa moja. Ulaya, kwenye mfumo wa Bologna, shahada ya kwanza kwa kawaida ina krediti (vipimo vya kazi ya masomo) 180 kwa miaka 3 na ya uzamili 120 kwa miaka 2, na kazi nyingi za uhandisi hutarajia uwe na zote mbili. Uingereza, hadhi ya mhandisi wa daraja la juu inadai elimu ya kiwango cha uzamili, ndiyo maana zipo shahada za miaka 4 zinazounganisha ngazi zote mbili. Marekani, shahada ni ya miaka 4, kisha hufuata mtihani wa misingi wenye maswali 110, uzoefu wa kazi ambao kwa kawaida ni miaka 4, na mtihani wa pili. Kama unafikiria kufanya kazi nchi nyingine, angalia njia ya nchi hiyo leo, usingoje kuhitimu.

Hatua ya 4: Kagua ithibati mwenyewe

Usitumie kipeperushi cha chuo. Nenda kwenye orodha ya chombo kinachotoa ithibati au kinachosajili wahandisi, utafute mambo matatu: jina la programu kama lilivyo kwenye fomu yako, kampasi utakayosoma, na tarehe ambazo ithibati inaanza na kuisha. Ithibati hupewa programu, haipewi chuo kizima. Chuo chenye jina kubwa kinaweza kuwa na uhandisi ujenzi wenye ithibati na mekatroniki isiyo nayo.

Programu mpya ina tatizo lake. Vyombo vingi havithibitishi programu hadi iwe imetoa wahitimu, kwa sababu wanakagua kazi za wanafunzi hadi mwaka wa mwisho. Kwa hiyo chuo kinaweza kusema ukweli kabisa kwamba "tunaomba ithibati", na wewe bado ukawa umebeba hatari. Ukiambiwa hivyo, uliza maombi yamepelekwa lini, ukaguzi utafanyika lini, na kama ithibati ikitolewa itawahusu waliohitimu kabla. Pata majibu kwa barua pepe. Maneno ya mtu wa udahili kwenye simu hayatakusaidia mbele ya bodi miaka mitano baadaye.

Programu zinazofundishwa kwa mtandao zinahitaji swali moja la nyongeza: maabara zinafanyika wapi, na kwa saa ngapi?

Hatua ya 5: Soma mtaala somo kwa somo

Omba mtaala wote, pamoja na masharti ya kila somo, yaani masomo unayopaswa kufaulu kabla ya kuliingia. Kama kipimo cha haraka, vigezo vya ABET, chombo cha ithibati cha Marekani, vinadai angalau krediti 30 za muhula za hisabati na sayansi za msingi, angalau krediti 45 za masomo ya uhandisi, na mradi mkubwa wa usanifu unaohitimisha masomo. Si lazima chuo chako kifuate mfumo huo, lakini ukikuta programu yenye masomo ya menejimenti mengi kuliko ya hisabati na mekanika, umeshajua unauziwa nini.

Kisha chukua karatasi kubwa, uchore mnyororo wa masomo. Kila somo kisanduku, kila sharti mshale. Utaona kitu ambacho orodha haionyeshi. Kwa umeme, mnyororo mmoja huenda hivi: kalkulasi ya kwanza, kalkulasi ya pili, milinganyo ya tofauti, ishara na mifumo, udhibiti, mradi. Kama kalkulasi ya kwanza inafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka na umeifeli, hukupoteza somo moja. Umesogeza mnyororo wote kwa mwaka mzima. Masomo yaliyo mwanzoni mwa mnyororo mrefu ndiyo ya kupewa saa nyingi, hata kama yanachosha na mengine yanafurahisha. Tia rangi nyekundu kwenye visanduku hivyo, ubandike karatasi ukutani.

Kuhusu maabara, ukitembelea chuo usiridhike na kuonyeshwa mashine. Uliza ni wanafunzi wangapi kwa meza moja, mashine ya kuvuta chuma hadi kikatike ilitumika lini mara ya mwisho, nani anaitengeneza ikiharibika. Wanafunzi 3 au 4 kwa meza wote wanashika. Wakiwa 12, wawili wanashika na wengine wananakili namba.

Hatua ya 6: Acha milango wazi mwaka wa kwanza

Vyuo vingi vina mwaka wa kwanza unaofanana kwa matawi yote, au karibu yote. Utumie. Fahamu siku ya mwisho ya kuomba kuhama tawi na wastani wa alama unaotakiwa, kwani mara nyingi nafasi ni chache na hugawiwa kwa alama. Kuhama kutoka mitambo kwenda mekatroniki au viwanda ni rahisi. Kutoka ujenzi kwenda umeme baada ya mwaka wa pili, karibu unaanza upya.

Jifunze mapema vitu vinne vinavyohitajika kila tawi: lugha moja ya programu (Python inatosha), lahajedwali (uijue kweli, si kujumlisha safu tu), kuchora kwa kompyuta, na kuandika ripoti fupi iliyonyooka. Hicho cha mwisho wanafunzi hukidharau, nacho ndicho wakubwa wa kazini hukilalamikia kuliko vyote.

Kuhusu saa: kwenye mfumo wa Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, na mwaka mmoja una krediti 60, yaani saa 1,500 hadi 1,800. Ukigawa kwa wiki 40 ni takriban saa 38 hadi 45 kila wiki, mihadhara na kujisomea pamoja. Ukiwa na kazi ya kulipwa ya saa 20 kando, hesabu hiyo haifungi bila kupunguza masomo ya muhula. Ni afadhali kupanga miaka 5 kwa utulivu kuliko kupanga 4 na kuishia 6.

Hatua ya 7: Mafunzo kwa vitendo na daftari la kazi

Anza kuomba nafasi miezi 6 hadi 8 kabla. Barua iwe ya ukurasa mmoja, itaje kazi ya kampuni hiyo hasa, na itaje kitu kimoja unachoweza kufanya wiki ya kwanza bila kufundishwa. Ukikosa kampuni kubwa, nenda ndogo. Kwenye karakana ya watu 8 utashika kazi; kwenye shirika la watu 3,000 unaweza kukaa wiki 10 ukipanga mafaili.

Daftari ndilo jambo la kulizingatia zaidi hapa, kwa sababu vyombo vya usajili huomba ushahidi wa kazi, na kumbukumbu hufifia haraka. Mfano wa maandishi yasiyofaa: "Leo tulitengeneza pampu ya maji." Mfano wa yanayofaa: "Pampu ya maji ya kupozea ilitetemeka baada ya kubadilishiwa beringi. Tulipima kwa saa ya kupimia kama shafti ya mota na ya pampu ziko mstari mmoja: tofauti milimita 0.40, wakati maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu 0.05. Tuliongeza vipande vyembamba vya chuma chini ya miguu ya nyuma ya mota, tukakaza boliti, tukapima tena: 0.04. Mtetemo ulitulia. Nilipiga hesabu ya unene wa vipande. Msimamizi aliikagua na kusaini."

Hayo ya pili yana tatizo, kipimo, kigezo, uamuzi, matokeo na sehemu yako mwenyewe. Mwandishi wa maandishi ya kwanza angeweza kuwa mtu aliyesimama mlangoni akitazama. Andika siku ile ile, na usiweke siri za kampuni: picha na michoro uombe ruhusa kwanza.

Mradi wa mwaka wa mwisho uchague kwa kanuni hiyo hiyo. Mradi mdogo uliojengwa, ukapimwa na ukaonyesha pale uliposhindwa una thamani kuliko mfumo mkubwa ulioishia kwenye michoro. Kwenye usaili utaulizwa, "Kwa nini ulichagua kipenyo hiki?" Anayejibu kwa namba anaaminika.

Hatua ya 8: Kazi ya kwanza, na saini

Kazi ya kwanza ichague kwa kuangalia utakuwa chini ya nani. Uliza wazi: je, kuna mhandisi aliyesajiliwa atakayenisimamia na kusaini uzoefu wangu? Mshahara mkubwa kidogo mahali pasipo na msimamizi unaweza kukugharimu miaka kadhaa ya uzoefu usiohesabika. Kama chombo chako kina daraja la wahitimu au wahandisi walio mafunzoni, jiandikishe mara tu unapohitimu, maana baadhi huanza kuhesabu muda kuanzia tarehe ya kujiandikisha.

Kwa nini masharti yote haya? Tarehe 17 Julai 1981, mjini Kansas City, madaraja mawili ya ndani ya hoteli ya Hyatt Regency yalianguka ukumbini na watu 114 wakafa. Usanifu wa awali ulikuwa na vyuma virefu vinavyoning'inia kutoka paani, kila kimoja kikipita daraja la juu na kushuka hadi la chini. Nati ya daraja la juu ilibeba daraja hilo peke yake. Ili kurahisisha ujenzi, vyuma viligawanywa: seti moja kutoka paani hadi daraja la juu, seti nyingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwenye mchoro tofauti ni ndogo sana. Lakini sasa daraja la chini limening'inia kwenye boriti za daraja la juu, na nati ya juu inabeba mizigo ya madaraja mawili. Mabadiliko hayo yalipita na muhuri wa mhandisi bila kiungo kile kupigiwa hesabu upya. Wahandisi wahusika walinyang'anywa leseni zao jimboni Missouri. Unapoanza kazi na mtu akakuletea "badiliko dogo tu la kurahisisha", chora upya njia ya mzigo kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kusema ndiyo.

Hatua ya 9: Uzamili, na njia panda baada ya miaka michache

Usiende uzamili kwa sababu kazi haijapatikana. Nenda pale ambapo taaluma inaidai: usanifu wa chipu, utafiti, vifaa tiba, miundo mikubwa, au nchi ambazo shahada ya kwanza inahesabiwa kama nusu ya safari. Kwa wengine, miaka miwili au mitatu ya kazi kwanza huonyesha ni somo gani hasa unalihitaji, na baadhi ya waajiri hulilipia.

Baada ya miaka 5 hadi 8 kwa kawaida njia hugawanyika: kuwa mtaalamu anayeulizwa mambo magumu, au kusimamia watu na fedha. Jaribu usimamizi kwenye mradi mdogo kabla ya kukubali cheo, kwa maana ujuzi wa hesabu usiotumika hupungua haraka na kurudi nyuma kunachukua muda. Anayebaki upande wa utaalamu ajue pia kama mwajiri wake ana ngazi za mishahara kwa wataalamu. Mahali ambapo kupanda ni kwa wasimamizi peke yao, kubaki mtaalamu kutakudai kuhama kampuni.

Jambo la mwisho ni la makaratasi, na lifanyike kila muhula. Hifadhi maelezo kamili ya kila somo ulilosoma: mada, saa za mihadhara, saa za maabara, vitabu. Chuo hubadili mtaala na kuondoa wa zamani, na bodi ya usajili ya nchi nyingine inaweza kukudai maelezo hayo miaka 10 baada ya kuhitimu. Yaweke pamoja na nakala zilizothibitishwa za matokeo, barua za wasimamizi na daftari zako, sehemu mbili tofauti, moja isiwe kwenye kompyuta yako.